Ukitaka Kuijua Sarufi ya Kimvita, Jaribu Kuikosea

Kijana mmoja wa mtaani kwetu Kibokoni, Mombasa, alimwandikia mjomba wake ujumbe mfupi kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa: "Mjomba, mama yuwaja kesho asubuhi. Ndoo umpokee feri, ana mizigo." Hiyo "ndoo" kwetu ni njoo. Simu yake ina programu ya kunyoosha maandishi, hizi za akili bandia ambazo siku hizi zimeingia hata kwenye simu za bei ya chini. Programu ikapiga mistari myekundu mahali pawili, ikapendekeza sentensi nyingine, naye kwa haraka zake akabonyeza kukubali. Uliomfikia mjomba ni huu: "Mjomba, mama anakuja kesho asubuhi. Lete ndoo umpokee kwenye feri, ana mizigo." Mjomba akapiga simu kuuliza: ndoo ya kazi gani, mama yako yuwaja na samaki?

Kisa hicho kimechekesha, na kama ilivyo ada ya mabaraza ya Mombasa, kicheko kilipokwisha likabaki neno. Wapo wanaosema mashine imetoa hukumu: imesoma Kiswahili kingi kuliko mtu yeyote, haina kabila wala mtaa, na ikiwa yenyewe imeona "yuwaja" ni kosa basi walimu wetu walikuwa na haki ya kutuchapa kwa neno hilo. Wapo pia waliopandwa na hamaki: hiyo ni njama ya kukiua Kimvita, Kiswahili cha asili, na wanaokosea ni wao wa huko na mashine zao. Mimi naona wote wamebisha hodi mlango wa watu. Mashine haikuhukumu sarufi, kwa sababu haikuulizwa habari za sarufi. Na sisi tunaokitetea Kimvita twakitetea kwa umri wake na utamu wake, vitu ambavyo havikuwa vikibishaniwa. Swali ni kama Kimvita kina kanuni zake, na ushahidi mkubwa kwamba kinazo ni kuwa mtu anaweza kukikosea. Tukishakubali kipimo hicho, kitawafaa wengi zaidi yetu, wakiwamo watu ambao Mombasa huwacheka kutwa kucha.

Tuanze na mashine, maana habari yake ni fupi. Programu hizi hufunzwa kwa maandishi mengi mno, na kazi yao ya msingi ni kukisia: baada ya maneno haya, ni neno gani huja mara nyingi? Maandishi ya Kiswahili yaliyoko kwenye intaneti ni magazeti, matangazo ya serikali, vitabu vya dini, taarifa za mashirika. Karibu yote ni sanifu. Kimvita kinaishi mdomoni na katika mashairi, na sasa kinaishi katika jumbe za sauti tunazotumiana usiku kucha, ambazo hazifiki huko zinakofunzwa programu. Basi "anakuja" imeonekana mara zisizohesabika na "yuwaja" mara chache, na kilicho chache hupigiwa mstari mwekundu. Mstari ule maana yake ni "hili sikulizoea". Ni habari ya kweli kuhusu wingi wa maandishi. Aliyeugeuza kuwa "hili ni kosa" ni sisi tuliokuwa tukiusoma, kwa sababu tulikwisha kufunzwa shuleni kwamba rangi nyekundu haina maana nyingine.

Usanifu nao una tarehe na mahali. Uamuzi wa kukichukua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanywa katika mkutano uliokaa hapa hapa Mombasa, mwaka 1928. Kabla ya hapo wamishonari walikuwa wakivutana. Johann Ludwig Krapf aliingia Mombasa mwaka 1844, akajifunza Kiswahili hapa, na sarufi yake ya mwaka 1850 pamoja na kamusi yake iliyotoka mwaka 1882 zilisimama juu ya Kimvita. Edward Steere alikuwa Unguja, na kitabu chake cha mwaka 1870 kikafuata lugha ya huko. Wamisheni wa CMS Mombasa wakavuta huku, wa UMCA Unguja wakavuta kule, navyo ni vyama viwili vya Kianglikana vya kueneza Ukristo. Kilichopima mizani mwishowe hakikuwa uzuri wa sarufi ya yeyote. Misafara ya biashara ilikuwa imekwisha kukifikisha Kiunguja bara mpaka Ujiji na Kongo, na Wajerumani walipokuwa Tanganyika walikuwa wamekitumia Kiswahili katika shule na ofisi zao. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi nne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, ikaanza kupitisha vitabu vya shule. Hata Waunguja wenyewe hawakuchukuliwa wote: kilichotwaliwa ni Kiunguja cha mjini, na Kimakunduchi, kinachosemwa kusini mwa kisiwa hicho hicho, kiliachwa nje kama kilivyoachwa Kimvita. Sina ugomvi na uamuzi ule. Nataka tu ikumbukwe kwamba ulikuwa uamuzi wa watu wenye karatasi na ratiba ya meli, na hakuna aliyeuchunguza mfumo wa Kimvita akaukuta na pengo.

Sasa tulitazame hilo "yuwaja" kwa karibu. Mmvita akikitaja kitenzi hicho kwa nafsi zote atasema naja, waja, yuwaja, twaja, mwaja, waja. Katika sanifu, ukitumia wakati huo huo wa -a-, utapata naja, waja, aja, twaja, mwaja, waja. Tofauti ni moja tu, nafsi ya tatu umoja, lakini itazame ilivyo. Katika "aja" kiambishi cha nafsi ni a- na cha wakati ni -a-, vikakutana vikamezana, hujui kilichobaki ni kipi. Katika "yuwaja" vyote viwili vinasikika: yu- ni yeye, -a- ni sasa, na ile w ni daraja la kuvuka kutoka u kwenda a. Kwa hesabu ya uwazi, Kimvita ndicho kilichoweka kila kitu mahali pake. Na hiyo yu- haikutoka mbali. Sanifu inayo, imeificha tu mahali pachache: yuko, yupo, yumo, hayuko. Nilipokuwa darasa la sita mwalimu alikizungushia wino "yuwaja" changu mara tatu katika insha moja, kisha alipokuwa akiita majina alasiri ile akafika kwa rafiki yangu asiyekuja shule, akainua kichwa na kuuliza, "Yuko wapi?" Hakuna aliyemzungushia wino. Sanifu imegawa kazi ile kwa viambishi viwili, yu- kwa mahali na a- kwa vitendo. Kimvita kimeieneza yu- mpaka kwenye wakati uliopo. Mgawanyo wowote kati ya hiyo miwili ni halali kwa mwenyewe. Ila jaribu kusema "mimi yuwaja" au "wao yuwaja" mbele ya mtoto wa miaka minne wa Mji wa Kale. Atakucheka, tena atakunyoosha. Mtoto huyo hajafundishwa sarufi na mtu, lakini anajua ulipovunja.

Mfano wa pili ni wa sauti, nao ndio unaopotosha watu kuliko wote, kwa sababu wengi hudhani Kimvita ni sanifu iliyobadilishwa ch kuwa t. Mchele ni mtele, kichwa ni kitwa, macho ni mato, kucheka ni kuteka, chini ni tini, uchungu ni utungu. Watu wa bara wanaonunua kahawa tungu kwenye birika la shaba hawaoni ajabu ya jina hilo, na kamusi za sanifu zenyewe zimeukaribisha utungu wa kuzaa kando ya uchungu wa dawa. Anayetaka kujifanya Mmvita basi hubadilisha kila ch anayoiona, na hapo ndipo hushikwa. Mmvita hasemi "takula". Husema chakula. Husema choo, chuma, chombo, kama wasemavyo Waunguja. Kwa nini? Tia maneno hayo katika wingi: vyakula, vyoo, vyuma, vyombo. Ch ya maneno haya ni kiambishi ki- kilichokutana na vokali, na hiyo haiguswi. Ch ya mchele na macho ni nyingine kabisa, imetoka katika sauti ya kale ya Kibantu ambayo Unguja iligeuka ch na Mombasa ikageuka t. Kwa hiyo mtele haukutokana na mchele, wala mchele haukutokana na mtele; ni watoto wa mama mmoja. Chai nayo hubaki chai, kwa kuwa ilikuja na majahazi wakati mageuzi hayo yalikwisha pita. Bibi anayechagua mtele kwenye ungo na kumwambia mjukuu alete chombo anazitenganisha ch mbili ambazo sanifu imezichanganya ikasahau kwamba zilikuwa mbili. Hizo ndizo habari ambazo mwanaisimu huvuka bahari kuzitafuta.

Nifungue mabano kuhusu ile ndoo. Sikio la Mombasa haliwezi kuchanganya ndoo na ndoo. Katika ile ya kumwita mtu, ambayo Unguja ni njoo, ulimi hugusa meno. Katika ile ya maji, ulimi hupanda ufizini. Ni sauti mbili tofauti kama p na b. Herufi za Kirumi tulizopewa hazina alama ya kuzitenga, kwa hiyo kwenye karatasi tofauti hiyo hufa, na mashine inayosoma karatasi ikaiona ndoo moja tu, ya kutekea maji. Siwezi kuilaumu sana.

Nije kwa hoja za upande wa usanifu, na nianze na iliyo nzito, maana kuna watetezi wa lahaja wanaoikimbia. Mtihani wa taifa unapaswa kuwa mmoja. Tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipokuja Kenya mwaka 1985, Kiswahili ni somo la lazima la kutahiniwa, na mtoto wa Lodwar na wa Kibokoni hupewa karatasi moja. Tukisema Kimvita kikubaliwe katika karatasi hiyo, tutakuwa tumempa wa Kibokoni kile alichonyonya kwa mama yake na tumemwachia wa Lodwar kukitafuta vitabuni, na vitabu hivyo havipo. Sanifu ina haki hii moja kubwa: karibu kila mtu hujifunza shuleni, hata sisi. Ongeza kwamba Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022, na mtafsiri aliyekaa Addis Ababa hawezi kungoja tuelewane hapa kuhusu mtele. Hoja hizo nazikubali bila kinyongo, na ndiyo sababu makala haya nimeyaandika kwa sanifu, ingawa vidole vimeteleza mara mbili tatu na mwenye macho ameona. Lakini zitazame zinasema nini hasa. Zinasema tunahitaji makubaliano ya kuandikia. Haki ya kusema kwamba aliye nje ya makubaliano hana sarufi haimo ndani yake. Katika Kenya gari hukaa upande wa kushoto wa barabara, na ni lazima ikae, lakini hakuna anayedhani Waethiopia wanaopita kulia hawajui kuendesha.

Hoja iliyo dhaifu, na ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa, ni ile ya uvivu wa ulimi. Kwamba lahaja ni sanifu iliyokatwakatwa na watu wasiotaka kumaliza maneno. Mfano unaoletwa daima ni "nshakula", ambayo ilipaswa kuwa "nimekwisha kula". Kweli imekatwa. Kitenzi kizima, kwisha, kimesagika kikabaki -sha-, nacho sasa kinafanya kazi ya kiambishi cha wakati: nshakula, ushakula, keshakula. Sasa chukua neno ambalo mwalimu yeyote atalipa tiki: atakuja. Hiyo -ta- imetoka wapi? Jibu limo ndani ya sanifu yenyewe, katika "atakayekuja". Ukiweka kirejeshi, -ta- hurudi kuwa -taka-, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: ataka kuja, mtu anayetaka kuja, mpaka kutaka kukasagika kukawa wakati ujao. Wahenga wetu walikata neno, na wajukuu wakalifanya kanuni. Nshakula inapita njia ile ile ambayo atakuja imekwisha kuipita, tofauti ni kwamba moja ilifika kabla ya mwaka 1928 na nyingine ilikuwa bado njiani. Ukiita huo uvivu, basi sarufi yote ya sanifu ni jumla ya uvivu wa watu waliokwisha kufa. Tena si kila anayekata anakata popote. Mmvita hasemi "mimi keshakula". Ke- ni ya yeye peke yake, na hakuna mvivu duniani anayejitwisha kanuni ya ziada.

Kuna na hoja nyingine dhaifu, ya upande wetu, nayo yaniuma zaidi kwa kuwa naisikia kwa watu ninaowaheshimu: kwamba Kimvita kina haki kwa sababu ndicho cha asili, ndicho cha mshairi Muyaka bin Haji, ndicho kitamu. Muyaka ni jabali, sina neno. Lakini ushairi mkubwa huonyesha kwamba lahaja ilipata mshairi mkubwa. Hauonyeshi kwamba jirani yake asiye na mshairi hana kanuni. Na ukubwa wa umri ni mtego. Tukisema cha kale ndicho sahihi, Waamu, watu wa Lamu, watatusimamisha mlangoni. Wao wana "mbwene", neno moja lenye maana ya nimeona, ambalo ndani yake limehifadhi kiishio cha Kibantu cha kitendo kilichokwisha kutendeka, kiishio ambacho katika usemi wetu wa kila siku tulikitupa tukachukua -me-. Kwa kipimo cha umri sisi ndio tuliopotoka, na Wadigo na Wagiriama wanaosema "atu" mahali pa watu watakuja na hesabu zao, kwa sababu lugha hizi zote, pamoja na Kipokomo na za Ngazija, ni za ukoo mmoja wa Sabaki, na kila mmoja ametunza kitu na kupoteza kingine.

Aliyesoma madrasa anaweza kulipima jambo hili kwa Kiarabu. Katika Kiarabu fasaha, wingi wa visivyo na akili huchukua sifa ya umoja wa kike: vitabu vingi husifiwa kama mwanamke mmoja. Mswahili akilitazama kwa jicho la ngeli zake atasema ni vurugu. Mwarabu naye akiona kwamba sisi tunasema "mama yangu amekuja", yangu ya ngeli ya vitu na a- ya watu katika sentensi moja, atashika kichwa. Ukienda Misri, lugha ya sokoni imeacha i'rabu, yaani irabu za mwisho zinazoonyesha kazi ya neno katika sentensi, na wanachuoni wamekuwa wakisikitika karne kwa karne. Ila Wamisri hao hao wamejenga vitu ambavyo fasaha haina: kiambishi bi- cha wakati uliopo, na kukanusha kwa kulikumbatia neno pande mbili, ma- mwanzo na -sh mwisho. Ukikosa kuweka moja kati ya hizo pale panapotakiwa, muuza maharage wa Cairo atajua kwamba wewe si mtu wa pale. Kilichopungua huku kimejazwa kule, na mwenye kuhesabu upande mmoja tu hufika siku zote kwenye jibu kwamba wa siku hizi wameharibika.

Marekani jambo hili limefika mahakamani. Katika Kiingereza cha Wamarekani weusi kuna sentensi kama "he be working", ambayo mwalimu wa kizungu aliisoma kama mtoto asiyejua kunyambua kitenzi. Mwanaisimu William Labov na wenzake, kuanzia miaka ya 1960, walionyesha kwamba lugha ile ina utaratibu wake. Hiyo "be" ni ya mazoea: ni mtu ambaye kwa kawaida huwa kazini, hata kama saa hii amelala. Kwa aliye kazini sasa hivi, kitenzi hicho huondolewa. Sisi twaielewa papo hapo, maana tuna hu-: "yeye hufanya kazi" na "yeye anafanya kazi" ni habari mbili. Mwaka 1979, katika mji wa Ann Arbor, jimbo la Michigan, jaji wa shirikisho Charles Joiner aliamua kesi ya watoto weusi waliokuwa wakibaki nyuma katika kusoma. Hakuamuru wafundishwe kwa lahaja yao. Aliamuru shule iwaandae walimu waitambue lugha ambayo watoto wale huja nayo kutoka nyumbani, na waitumie elimu hiyo katika kuwafundisha kusoma Kiingereza sanifu. Ni hukumu ya kiasi kabisa, na watoto wetu wa Kisauni na Majengo hawajapata hata hiyo.

Inataka nini hukumu kama hiyo hapa kwetu? Kwanza wino wa aina mbili. Mtoto akiandika "yuwaja" na mtoto akiandika "mimi anakuja", leo wote hupata alama moja nyekundu, kumbe wa kwanza anajua kanuni nzima ya lugha nyingine na anahitaji kuambiwa tu "hapa andika hivi", na wa pili ndiye aliyekwama. Ukiwachanganya humsaidii yeyote. Wa kwanza utamfundisha kwamba mama yake hajui kusema, na hilo halimo katika mtaala. Mwalimu aliyeletwa Mombasa kutoka Kakamega hawezi kujua tofauti hiyo kwa kuota. Kurasa kumi za maelezo ya Kimvita zingemtosha. Na mashine pia zinataka kurasa hizo. Tumewaachia Kimvita washairi, na washairi wameifanya kazi yao. Abdilatif Abdalla aliandika kwa Kimvita gerezani na diwani yake ikapata tuzo ya fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Kilichokosekana ni nathari ya kawaida: tangazo la maziko, maelezo ya kupika mbaazi, barua ya malalamiko kuhusu taka, maelekezo ya ndia (njia). Mtu wa Mombasa akishika kalamu hubadilisha lugha kama anayevaa koti kwenda ofisini, kisha hushangaa kwamba koti ndilo linalojulikana.

Lakini hatuwezi kudai haya yote tukiwa tumekaa barazani tukiwacheka wa bara. Na twawacheka. Neno linalotuchekesha kuliko yote ni lile -nga: "nilikuwanga", "anaendanga", "sipendangi". Kwetu hilo ndilo ithibati kwamba bara hakuna sarufi. Wenye kuisoma historia ya Kibantu wanajua kwamba lugha nyingi za bara zina kiishio cha aina hiyo cha kuonyesha mazoea, na wasemaji wake walipokuja kwenye Kiswahili walikitia mahali ambapo walihisi pana haja. Tanzania bara nao wana -ga, "anaendaga". Ukiitazama -nga vizuri utaona ina masharti yake: katika yakinishi huishia kwa a, anapendanga, na katika ukanushi wa wakati uliopo huishia kwa i, sipendangi, sawasawa na kitenzi cha sanifu kinavyogeuka kutoka napenda kuwa sipendi. Mtu asiye na sarufi hawezi kukumbuka hilo katikati ya sentensi huku akikwepa matatu.

Juzi jioni nilikuwa na wazee karibu na Makadara, kijana wa bodaboda ameegesha akingoja abiria, kwao ni Kisii, miaka mitano yuko Mombasa. Ami mmoja akamwita kwa mzaha: "Ndoo hapa, bwana mdogo. Hebu tusemee ile lugha yenu. Sema, jana saa kumi na dakika tano nilifikanga Likoni." Wazee wakaanza kucheka kabla kijana hajafungua mdomo. Yeye hakucheka. Alikunja uso kama mtu aliyepewa noti bandia, akaijaribu ile sentensi kimoyomoyo, midomo ikitikisika.

"Hapana, mzee," akasema. "Hiyo ni siku moja tu. Hatusemangi hivyo."